Sanduku Nambari 318

Sikuwa mwanafunzi wake.
Nilikuwa karani wa posta, dirisha la tatu,
kidole gumba cheusi kwa wino wa mhuri,
na kila Jumatatu nilimkabidhi Rabi Zekaria Manahem
bunda la barua lililofungwa kwa katani:
Aden, Bombei, Basra, Asmara.

Huko walikotoka waliomwandikia, alikuwa bahari.
Hapa Mombasa alikuwa Mzee wa Miwani,
mpangaji wa juu ya duka la vitasa, Ndia Kuu,
mnunuzi wa ndimu mojamoja, azinuse kwanza.
Watoto walimwita Kadhi wa Mayahudi.
Akasema: kadhi hulipwa.

Siku nilipompelekea kifurushi kilicholowa mvua
alinivutia kiti, akafunua kitabu kikubwa kama sinia.
Katikati, maneno machache. Pembezoni,
maneno juu ya maneno, sisimizi na tone la asali.
"Hashiya," nikasema,
maana maalimu wangu wa Kibokoni alikuwa na vitabu vya sura hiyo.
Akanitazama kama aliyeitwa jina lake ugenini.
"Hashiya. Huyu kasema. Huyu kampinga.
Huyu, miaka mia sita baadaye, kaja kuwaeleza,
na mjukuu wake kamwambia: babu, umekosea."
"Na aliyeshindwa?"
"Kaandikwa. Yeye na jina la babake.
Tunamsoma kwa sauti ile ile."

Kazini kwetu aliyeshindwa hufutwa ubaoni.

Barua nyingine alinisomea, majina kayafunika kwa kiganja.
Mwanamke ambaye mumewe alizama na meli, shahidi hakuna:
si mjane, si mke.
Usiku kumi na moja taa ya Rabi haikuzimwa
mpaka alipompatia mlango wa kutokea.
Na ile ya Bi Mazali, iliyotoka mtaa wa pili tu,
akaipitisha posta ili iheshimiwe:
Nyama na maziwa tumekatazwa. Je, tui?
Rabi alicheka hadi miwani ikamwanguka.
Kisha akaacha kucheka.
Akatuma nazi sokoni, akaketi juu ya mbuzi,
akakuna vibaya, akajichubua kidole,
akaonja tui la kwanza na la pili,
akaandika kurasa kumi na nne.
Mstari wa mwisho: Kula, bibi,
lakini weka kifuu kando ya sahani
mpita njia asije akakudhania.
Watu wa Kochi wakamwandikia kwamba wao
wamekula hivyo tangu enzi, bila kifuu.
Akaibandika barua yao pembeni mwa yake.
Yake hakuifuta.

Maswali yaliyomshinda aliyapigia mstari,
akatia neno moja fupi la kwao.
Maana yake, aliniambia: lisimame.

Lakini zilikuwapo za Haifa,
mwandiko umelalia kushoto kama mtu aliyechoka.
Mwanawe. Hizo alizitia mfukoni bila neno,
na kwa miaka kumi na tisa
sikuletewa jibu la kupiga mhuri.

Alipokufa walitakiwa wanaume kumi wa dini yake.
Mjini walikuwa saba. Nilikwenda Kilindini
nikauliza meli hadi meli, nikapata mpishi na fundi mitambo.
Tisa. Wakabishana kaburini kama sala ile yafaa,
huyu kwa hoja hii, yule kwa hoja ile, jua likiwachoma,
na udongo ulikwisha kujaa kabla hawajakubaliana.
Nadhani alizikwa vizuri.

Chumbani nilizikuta barua za Haifa, zote zimefunguliwa.
Pembezoni mwa kila moja amemjibu mwanawe,
juu, chini, ubavuni, hadi ukingo wa karatasi:
hapa kakasirika, hapa kaomba radhi,
hapa kaandika tu: umesema kweli.

Sheria ya posta ni wazi:
barua isiyopelekwa na mwenyewe haina mtumaji.
Nilikaa nazo dirisha la tatu, mhuri mkononi,
foleni ikinguruma.

Lisimame.